Nzuri ya Kwanza

Kazi yangu ni kuandika maelezo yasiyosomwa na mtu. Yanasomwa, tena neno kwa neno, ila na mashine. Ofisini kwetu Mikocheni, juu ya duka la vipuri vya majokofu, tunatengeneza vyombo vya kutumiwa na mawakala wa akili mnemba, yaani zile programu zinazopewa kazi kama mtumishi na kuachwa ziifanye zenyewe. Wakala hana mikono wala mdomo. Akitaka kupiga simu au kutuma ujumbe, anapitia kwenye mlango ambao mafundi wanauita API, na kila mlango lazima uwe na maelezo: mlango huu ni wa nini, unagongwa vipi, ukifunguliwa unapewa nini. Hayo ndiyo ninayoandika. Nikimaliza nakipima chombo chenyewe, nione kama wakala amesoma akaelewa au amesoma akafanya ya kwake, maana katika hilo hawatofautiani sana na watu.

Mwaka huu mteja wetu mkubwa alikuwa kliniki moja ya moyo. Wagonjwa wake ni wale ambao moyo umechoka kusukuma, maji yanawajaa miguuni na kifuani, wanaishi kwa vidonge vya kuyapunguza. Mgonjwa wa namna hiyo akianza kujaa, siku chache tu zinatosha kumwokoa au kumkosa. Kwa hiyo kliniki ilitaka kila mmoja apigiwe simu kila asubuhi. Lusungu, fundi wetu, kijana wa Mbeya asiyependa maneno mengi, akatengeneza chombo akakiita uliza_hali. Wakala anakipa namba, chombo kinapiga, kinaongea kwa sauti ya dada mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, kinasikiliza jibu, kisha kinamrudishia wakala neno moja kati ya matatu: nzuri, wastani au mbaya. Likirudi mbaya, wakala anamwarifu muuguzi. Likirudi nzuri, mgonjwa anaambiwa, "Tunafurahi kusikia unaendelea vizuri," na simu inakatwa.

Baba yangu, Mzee Mfaume wa Kunduchi, alikuwa mmoja wa wagonjwa wa kliniki hiyo. Nilifurahi alipoingizwa kwenye mpango. Nilijiona kama nimemwekea mlinzi.

Mchango wangu mimi ulikuwa shikamoo. Mwanzoni chombo kilikuwa kinaanza na "Habari, unaendeleaje?" na wazee walikuwa wanakikatia simu. Bibi mmoja alikiuliza kwanza, "Wewe mtoto wa nani?" Nikaandika kwenye maelezo kwamba mgonjwa akiwa amezidi miaka hamsini, kianze na shikamoo, kingoje marahaba, ndipo kiulize habari za afya. Wazee wakaacha kukata. Kwenye tathmini chombo kikapata alama tisini na sita kwa mia. Gaudens, mwenye kampuni, akanisifu mbele ya wenzangu wote, nami nikatembea ofisini nikiwa nimeinua kichwa kama niliyegundua dawa.

Sasa, tathmini ile tuliitunga wenyewe. Mazungumzo ya kupimia tuliyaandika mezani kwetu, feni ikizunguka, na humo mgonjwa akiwa anaumwa anasema "Naumwa." Tulikuwa tumeandika Waswahili ambao bado hawajazaliwa.

Hilo nililijua siku nilipoanza kusikiliza rekodi za kweli. Zilikuja bila majina wala namba, kila mgonjwa na msimbo wake, na kazi yangu ilikuwa kulinganisha kilichosemwa na neno ambalo chombo kimelirudisha. Nilianza na mama mmoja ambaye lazima alikuwa sokoni Tandale, maana nyuma yake wapagazi walikuwa wanaomba njia na mtu mwingine ananadi vitunguu.

"Habari za afya?"

"Nzuri mwanangu, ila tangu juzi nalala nimekaa, nikijilaza tu..."

"Tunafurahi kusikia unaendelea vizuri."

Na chombo kikaandika: nzuri.

Nikairudia. Nikasikiliza ya pili, ya tatu, nyingine tena. Kila baada ya nzuri palikuwa na ila, na kila ila ilikuwa imekatwa shingo. Nani kwetu asiyejua jambo hili? Ukiulizwa habari, hata kama nyumba inaungua nyuma yako, unasema nzuri kwanza, ndipo unasema ila nyumba inaungua. Nzuri ya kwanza ni ya kumjibu mtu, habari yenyewe inakuja nyuma. Sisi sote pale ofisini tumelelewa hivyo, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Mbaya zaidi, shikamoo yangu ndiyo iliyokoleza. Mtu akikuamkia kwa heshima, unawezaje kumjibu bila heshima?

Kisha nikamsikia baba.

Jina halikuwepo, lakini sauti ile ndiyo iliyonisomesha. Baba alikuwa dalali wa samaki pwani ya Kunduchi. Aliweza kunadi fungu la nguru kuanzia bei ya kwanza mpaka ya mwisho bila kuvuta pumzi katikati, na wanunuzi walikuwa wanasema Mfaume ana mapafu mawili ya akiba. Kwenye rekodi alisema, "Alhamdu," akatafuta pumzi, "lillahi. Nzuri. Kwa kila..." akaitafuta tena, "hali."

Hata ila hakuwa nayo. Anayemshukuru Mungu kwa kila hali, kwetu, ni mtu aliyebanwa. Chombo kiliandika nzuri.

Nikampigia pale pale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za afya?"

"Nzuri."

"Nzuri kweli?"

"Naima, nikwambie mara ngapi? Wewe kazini huna kazi?" Akakata simu.

Nikabaki nimeishika. Chombo na mimi tulikuwa tumepata jibu lile lile.

Lusungu hakubisha. Alisikiliza rekodi ya mama wa Tandale mara moja, akavua miwani, akasema, "Dada Naima, hii ishu ni kubwa." Tukaketi pamoja siku nzima. Akakifanya chombo kisikate mpaka mtu amalize. Mimi nikaandika kwenye maelezo sentensi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika: Nzuri ya kwanza ni salamu, endelea kusikiliza. Tukaongeza maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu kwa adabu peke yake: Jana umelala kitandani au umekaa? Viatu vyako vinaingia? Tukakijaribu upya kwa rekodi zile zile, na safari hii kila ila ilisikika. Kliniki wakaruhusu tukiweke kazini.

Kilikaa kazini siku moja. Siku hiyo kliniki ililetewa majina ya nusu ya wagonjwa wake wote, hali mbaya.

Gaudens akaniita chumbani kwake. Alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu.

"Naima dada yangu, umefanya kazi, sikatai. Lakini wale wana manesi wawili tu wa simu. Wawili. Wataanza na nani?"

"Waanze na wanaolala wamekaa."

"Hao ndio hiyo nusu. Wamesema turudishe kile cha mwanzo wakati wanajipanga."

"Wanajipanga mpaka lini?"

"Mie nitawauliza vipi? Mteja huyo."

"Kile cha mwanzo kinadanganya, kaka Gaudens."

"Wanajua," akasema.

Nilikuwa nimeingia mle nikidhani natoa siri. Kumbe chombo kibovu kilikuwa kinawafaa wote: kliniki ilipata asubuhi tulivu, sisi tulipata alama zetu tisini na sita, na wagonjwa walipata mtu wa kuwaamkia. Ukweli ulipokuja haukuwa na pa kukaa, hata kitanda hakuna. Nikamwambia baba yangu yumo mle ndani. Akasema pole, tena alisema kwa dhati, kisha akanikumbusha kwamba rekodi zile hazina majina na sikupaswa kujua ni ya nani. Alikuwa na haki, na nilimchukia hivyo hivyo.

Nikaipigia kliniki simu kama mtoto wa mgonjwa. Muuguzi aliyepokea alikuwa amechoka mpaka sauti. "Mlete, dada. Akija tutamuona. Asipokuja, sie tutafanyaje?"

Jumamosi nikaenda Kunduchi kumchukua.

Nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, ndefu mpaka chini. Uani vijana walikuwa wanafunga turubai, maana kesho yake ilikuwa arusi ya Raudha, binti wa marehemu ami yangu, aliyelelewa nyumbani kwetu. Nikamwamkia baba, nikainama kama naokota kitu. Akavuta kanzu ikafunika hata vidole.

Jikoni mama alikuwa anachagua mchele wa pilau. Hakuinua uso. "Analala kwenye kiti," akasema. "Viatu vya kesho nimemwazimia vya Suhaib, na vyenyewe vinagoma."

"Mama, mbona hamkuniambia?"

"Kakataza. Anasema una kazi nyingi."

Nikarudi barazani. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa upole, lakini upole ulikuwa umebaki jikoni.

"Baba, twende kliniki leo. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nimeficha nini? Hospitali wenyewe wananambia naendelea vizuri."

"Nani kakwambia?"

"Yule binti. Anapigaga kila siku saa mbili. Ananiamkia, ananiuliza, kisha anasema anafurahi kwamba naendelea vizuri." Akapumzika kidogo. "Wewe unajua kuliko hospitali?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. Baba anajibu nzuri kwa adabu, chombo kinamrudishia nzuri yake kwa sauti ya kliniki, naye anaipokea kama cheti cha daktari. Kila asubuhi alikuwa anajipima mwenyewe na kujikuta mzima.

"Baba, yule si mtu. Ni mashine. Hata hiyo shikamoo mie ndiye niliyeiandika."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikamshika muda mrefu, akanizuia kwa mkono nisimguse. "Basi umeiandikia adabu," akasema alipotulia. "Inawashinda hata watoto wangu."

"Kesho ikipiga, iambie unaumwa. Sema tu, hali mbaya."

"Mtu anakuamkia asubuhi na mapema, umtupie maradhi usoni? Sie hatukulelewa hivyo."

Methali moja ikanijia, ile ya sikio na dawa. Nikaimeza.

"Jumatatu," akasema, ili yaishe. "Jumatatu tutakwenda, inshallah. Kesho namwozesha Raudha. Baba yake hayupo, walii ni mie. Unataka arusi isimame kwa ajili ya miguu?"

Nikamwendea kaka yangu Suhaib kwenye turubai. Akanisikiliza huku ameshika kamba. "Nimbebe vipi, Naima? Mzee kasema Jumatatu." Shangazi zangu wakanambia nimwache mzee wa watu amalize la heri. Kila niliyemgeukia alikuwa anampenda baba kama mimi, na kila mmoja alikuwa na sababu. Nikaingia bafuni, nikafungua maji ya bomba yatiririke kwenye ndoo, nikalia mpaka ndoo ikafurika.

Jumapili baba alikaa mkekani mbele ya shekhe, akaushika mkono wa bwana arusi, akatamka maneno ya kuozesha. Aliyakata vipande vipande, akitafuta pumzi kila baada ya maneno machache. Watu walidhani ni machozi ya kumkumbuka ndugu yake, wengine wakajifuta macho. Aliyenadi samaki kwa pumzi moja alikuwa hawezi kumaliza sentensi, na watu wakanong'ona kwamba mzee ana huruma.

Nikarudi kwangu jioni. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya kumpeleka kliniki Jumatatu saa nne, lakini Gaudens alitaka kwanza nipite ofisini kukabidhi maelezo ya chombo cha mwanzo. Sentensi yangu niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipomaliza ilikuwa saa mbili, simu za asubuhi zikaanza, na majibu yakawa yanashuka kwenye kioo mstari baada ya mstari. Msimbo wa baba nilikuwa nimeshaukariri. Mstari wake ukatokea: nzuri.

Nikashusha pumzi. Mimi, ninayejua neno lile linavyopatikana, nilishusha pumzi na kuinuka nikamimine chai.

Simu yangu ikaita. Suhaib.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri. Za huko?"

"Nzuri. Sasa, mzee kazidiwa kidogo. Omba ruhusa uje."

"Yuko na nani?"

"Sote tupo," akasema. "Njoo taratibu tu."

Kwetu hakuna anayepigiwa simu akaambiwa baba yako amekufa. Mtu anaambiwa kidogo, anaambiwa aje taratibu, na njia nzima anaachiwa aijue mwenyewe. Nikaweka kikombe mezani. Lusungu alinitazama mara moja tu, akachukua mkoba wangu akaubeba mpaka chini.

Turubai la arusi lilikuwa halijafunguliwa. Viti vya kukodi vilikuwa pale pale, na waliokuja kula pilau jana yake walikuwa wamevikalia tena, kimya. Baba alikuwa ameondoka alfajiri, kwenye kiti chake, kabla ya adhana kumalizika. Raudha alikuwa ameketi chini na hina mikononi, hajui aifiche wapi. Tukamzika baba baada ya alasiri. Gaudens na Lusungu walikuja, wakatupa udongo kama wengine, wakanipa pole, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba jina la marehemu lilikuwa bado kliniki.

Usiku ule mama alikuwa ameshaingia eda. Nikaketi naye chumbani, nikamuuliza nilichokuwa nakiogopa.

"Mama, asubuhi ile simu ilipiga?"

"Ilipiga. Baba yako nimemfunika tayari, Suhaib kaenda kuwaambia watu msikitini. Nikadhani ni jamaa." Akatazama ukuta. "Aliniamkia vizuri, yule binti. Akauliza habari. Ningemjibu nini, mwanangu? Nikamwambia nzuri, nikitaka nimweleze. Akasema anafurahi."

Nilimwegemea begani.

Kesho yake asubuhi wanawake walikuwa wamejaa mkekani wakisoma, na simu ya baba ilikuwa juu ya kabati ndogo ambapo mama aliiacha. Saa mbili ikaita. Wote wakanyamaza. Mama, kutoka chumbani, akanitazama mimi, maana ni mimi niliyekuwa najua mambo ya simu zile.

Nikaipokea. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu chombo kile. Nilijua kinasubiri nini, kinakata wapi, na neno gani moja lingempeleka wakala kwa muuguzi. Nilichotakiwa ni kulitanguliza tu.

"Shikamoo," ikasema sauti.

"Marahaba."

"Habari za afya?"

"Nzuri," nikasema, "ila baba..."

"Tunafurahi kusikia unaendelea vizuri."

Ikakata. Nikabaki na simu sikioni mbele ya mkeka mzima, mdomo wazi, maneno mengine yote bado yamo.

"Nani?" akauliza shangazi.

"Kliniki."

"Wanasemaje?"

"Wameuliza hali."

"Wastaarabu hao," akasema shangazi, akarudi kwenye tasbihi yake.